Ndizi ni Kilosa

Jumatatu, 8 Mei 1911. Morogoro.

Lukasi amepandishwa cheo! Tangu leo si mpagazi tena, ni mnyapara wa ghala la Bwana Dadi, pale karibu na stesheni. Kazi yake: kutazama jina la mji lililoandikwa kwenye kila mzigo, kulitaja kwa sauti, na wapagazi wapakie gari la moshi. Nikapiga vigelegele. Nikanyamaza katikati ya kigelegele. Mume wangu hajui kusoma!

Nikamwuliza ilikuwaje. Akasema Bwana Dadi alimkuta ameshika kitabu changu cha sala, akamwuliza kama anajua kusoma. Akajibu: hata usingizini. Mungu wangu! Kitabu nilimpa anishikie tu, nipate kumfunga mtoto mgongoni.

Akigundulika atapelekwa bomani, na kule Wadachi hawana maneno mengi. Viboko hamsa ishirini. Kisha mashamba ya mkonge, mbali huko. Mwaka jana alikwenda. Mimba nikaibeba peke yangu, nikajifungua hayupo. Sitaki tena.

Nikamwambia nitamfundisha herufi, kama nilivyofundishwa misheni. Akasema kwao Kinole baba mwenye mtoto hakalishwi chini na ubao. Basi, itafutwe njia nyingine. Nimeipata kabla uji haujachemka.

Jumanne, 9 Mei.

Njia ni hii. Mimi nauza chakula mbele ya mlango wa ghala. Gunia likitoka, nalisoma. Kisha naweka kitu ukingoni mwa ungo. Ndizi ni Kilosa. Muhogo ni Kimamba. Kitumbua ni Dar es Salaam. Lukasi anatupa jicho, anapaza sauti, kazi inakwenda.

Imekwenda kama maji! Bwana Dadi, mzee wa watu, alisimama pembeni na kofia yake, kila mzigo unaopita anauitikia kwa kichwa. Hidaya, muuza vitumbua mwenzangu, akaniuliza kulikoni, shoga, mbona chakula unakipanga na kukipangua kama unacheza bao. Nikasema nafukuza nzi. Akasema kumbe nzi wa misheni wana adabu, wanafukuzwa kwa zamu.

Mtoto wetu Anastasia anaota meno. Silali.

Jumatano, 10 Mei.

Msiba. Ilitoka chumvi ya Kilosa, nikaweka ndizi. Akaja bwana mmoja mwenye njaa, akaichukua, akaimenya hapo hapo. Nikamwambia hiyo haiuzwi. Akaniuliza mbona iko kwenye ungo, au ni ya mizimu? Huku tunabishana, Hidaya akanipa vitumbua vyake nimwuzie, anakwenda kuswali. Akaviweka wapi? Ukingoni!

Lukasi akatangaza Dar es Salaam. Chumvi iliyotoka pwani juzi imerudishwa pwani leo.

Jioni nilimkaripia. Akasema yeye alitii kitumbua. Kweli. Kosa si lake, ni la njaa ya watu. Chakula hakifai. Kesho nyimbo.

Alhamisi, 11 Mei.

Nyimbo zina faida moja: haziliwi. Najifanya nambembeleza mtoto. Wimbo wa kulala ni Kimamba. Wimbo wa Bikira ni Kilosa. Nikinyamaza ni Dar es Salaam.

Sikukumbuka kwamba nusu ya wapagazi wamelelewa misheni. Nilipoanza wimbo wa Bikira wakaudaka. Tena kwa sauti mbili! Na mpagazi akishika wimbo haachi mpaka mzigo uishe. Nikabembeleza, nikanyamaza, nani atanisikia? Lukasi naye: Kilosa! Kilosa! Kilosa!

Kisha likatoka sanduku dogo la mbao. Limeandikwa Misheni, Morogoro. La hapa hapa, la kuwekwa kando! Wimbo wa Morogoro sikuwa nao. Ningejuaje kwamba mzigo unaweza kutaka kubaki? Nikainuka, nikaonyesha ardhi kwa mikono miwili: hapa, hapa! Hidaya akapiga yowe, nyoka! Wateja wakatimka na mihogo yangu. Sanduku likapita mbele ya Bwana Dadi, akalitazama vizuri, akaitikia kwa kichwa, likapanda gari la Kilosa.

Si kitu. Sanduku moja tu.

Ijumaa, 12 Mei.

Anastasia anawaka moto. Anatetemeka, hanyonyi. Ukungu haujapanda mlimani, sisi tuko mlangoni kwa Sista wa dawa. Akamshika shingo, akasema ni homa, apewe kwinini haraka. Akafungua kabati. Hamna. Akasema sanduku la dawa lilikuwa lifike jana, hajui watu wa ghala wamelifanya nini.

Lukasi akanitazama. Akaniuliza, polepole, lile sanduku lilikuwa limeandikwa nini. Nikamwambia.

Alimchukua mtoto, akamlaza kifuani, akazunguka naye uani mpaka kuku wakaingia bandani. Mimi nachovya kitambaa kwenye maji ya mlimani, nakamua, naweka kipajini, kinakauka, nachovya tena. Siandiki zaidi leo.

Jumamosi, 13 Mei.

Sanduku limerudi! Kilosa kuna mtu anayejua kusoma, Mungu ampe maisha marefu. Sista alimpa mtoto dawa, akatema nusu, akapewa nyingine, akamtemea Sista. Alasiri jasho likamtoka. Akatafuta ziwa, akaning'ata kwa jino jipya. Nililia kwa furaha.

Furaha fupi. Amekuja mtu: Bwana Dadi anamtaka Lukasi kesho baada ya misa, nyumbani kwake, peke yake. Ni chumvi. Ni sanduku. Ni boma. Nimemfungia Lukasi nguo zake kwenye furushi. Nimelifungua. Haendi mkonge huyu! Nitakaa chini ya dirisha la mzee na ungo wangu. Atakachoulizwa, nitamjibia.

Jumapili, 14 Mei.

Bwana Dadi alifunga mlango. Kisha akafunga na dirisha! Nikabaki nje nimeinua kitumbua kama mwombaji. Nikasali. Halafu nikakila.

Lukasi alitoka amebeba kifurushi cha sukari. Tulipofika mtoni akanisimulia. Bwana Dadi hakugomba. Amesema kosa la sanduku ni lao wote wawili, maana lilipita mbele ya macho yake. Herufi za Kiarabu anazijua tangu chuo cha Kurani, lakini hizi za Wadachi anaziona kama siafu wanahama. Miaka yote alikuwa anaitikia kwa kichwa tu! Sasa boma linataka kila kitu kiandikwe kwa herufi hizo, na mzee anaogopa kama mtoto. Anatafuta mtu msiri wa kumfundisha. Kila jioni, nyumbani kwetu, watu wasimwone.

Nikamwuliza Lukasi, nawe ukajibu nini?

Akatazama maji. Akasema amejibu: hata usingizini.

Jumatatu, 15 Mei.

Somo la kwanza ni leo jioni. Nimekuwa sokoni tangu jua kuchomoza. Pazia la chumbani nimelitoboa tundu. Mzee atakaa ameligeuzia mgongo, Lukasi ataliangalia, nami nyuma ya pazia nitatoa kitu tunduni kwa kila herufi. A ni ndizi. B ni muhogo. D ni kitumbua, na leo hakuna wa kukila. Hidaya ameniuliza shoga, unamwoza nani? Nilipofika M vyakula vikaisha, ikabidi niazime vyombo kwake. Mwiko, kata, mbuzi ya nazi, kinu.

Lukasi alikuwa amekaa na Anastasia mapajani, ananitazama ninavyohangaika. Akasema, mama Anastasia, kwa nini usinifundishe tu? Hata kwa ubao. Nitakaa chini.

Nikamwambia asinichanganye. Nafasi ya kufundishana naipata wapi, na mzee yuko njiani, na kinu hakipiti kwenye tundu?