Huo Mguu Kwenye Picha ni wa Kaka Yangu

Kwa Mhariri wa Ukurasa wa Michezo,
Gazeti la Sauti ya Nyanda,
Kansas.

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu kutoka kwetu, mtaa wa nyuma ya kiwanda cha nyama. Ningekuja mwenyewe, na kwa kweli Jumanne nilikuja, ila dada wa mapokezi aliponiuliza, "Nikusaidie nini, mpenzi?" aibu ilinishika, nikasema nimepotelewa na paka. Tangazo mlilitoa vizuri sana. Hatuna paka. Watu wawili wameshapiga simu kwamba wamempata. Ndiyo maana leo naandika.

Ijumaa mlichapa orodha ya nafasi kumi na moja za timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo chetu, kuanzia ile yenye maana kuliko zote katika mchezo wetu wa chaguo, ambapo kwotabeki huamua papo hapo nani akimbie na mpira. Wa kwanza mlimweka kwotabeki, Tanner Krehbiel. Wa mwisho kabisa mlimweka mpenyaji, yule anayesimama nyuma ya kwotabeki na kuingia kichwa kichwa kwenye ukuta wa wapinzani. Mpenyaji wetu ni kaka yangu, Efraín Arredondo. Jumapili alisukuma pembeni sahani ya tamale, yale maandazi ya mahindi yenye nyama anayopika Bibi, akasema, "Jumamosi mechi ikiisha narudisha helmeti. Nimechoka kuwa chambo." Bibi akamwambia, "Rudisha, lakini kula kwanza." Hakula. Mheshimiwa, Efraín kutokula ni jambo la dharura.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlimweka chini hata ya mpokeaji wa pembeni, ambaye katika mchezo wetu hapewi mpira ila kwa bahati mbaya. Mechi iliyopita nilimwona kwa macho yangu akimpungia mama yake mkono, na mchezo unaendelea. Bibi hasomi Kiingereza, mimi ndiye humsomea gazeti lenu kwa Kihispania. Nilipofika nambari kumi na moja nilikohoa mpaka akaniletea maji.

2. Hamkueleza kazi yenyewe. Krehbiel humtia Efraín mpira tumboni huku akimtazama beki anayesimama ukingoni mwa ukuta wa wapinzani. Beki akibaki mbali, Efraín anaachiwa mpira. Beki akimvamia Efraín, Krehbiel anauchomoa na kukimbia nao pembeni. Msimu huu ni kuchomoa tu. Efraín naye anaendelea mbele, amekumbatia hewa kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, na wanaume watatu mfano wa madume ya ng'ombe wanamwangukia. Nyuma yangu jukwaani kuna mzee hupiga kelele, "We kijana, mpira huna, unaanguka nini?" Natamani nigeuke nimjibu. Huwa natazama viatu vyangu.

3. Hao watatu waliomlalia Efraín hawawezi tena kumkimbiza Krehbiel. Kwa hiyo yadi zote za Krehbiel ni za Efraín. Krehbiel anazisafirisha tu. Naomba zihamishwe.

4. Picha ya ukurasa wa kwanza. Juu yumo Krehbiel, anapaa, nywele zimetoka kwenye helmeti kama za tangazo la shampuu. Chini kuna rundo la watu na mguu mmoja umechomoza. Huo mguu ni wetu. Soksi hiyo aliifuma Bibi. Mliandika jina la Krehbiel, la mwamuzi, hata la mpigapicha, mguu hamkuutaja.

5. Kwa kuwa kuanguka bila mpira ni kugumu kuliko kuanguka nao, maana mwenye mpira angalau anajua kwa nini anaumizwa, kila anguko la Efraín lihesabiwe alama moja. Nimepiga hesabu: tungeshinda hata mechi tuliyofungwa, tena kwa mbali.

6. Ijengwe sanamu langoni mwa uwanja. Isiwe ya mtu aliyesimama. Iwe ya mtu aliyelala, na juu yake sanamu nyingine tatu.

Sijawahi kuomba kitu kwa mtu nisiyemjua. Naomba hiki kimoja, mbadilishe orodha kabla ya Jumamosi, kaka yangu asiache.

Nisalimie dada wa mapokezi, mpigapicha, wachapaji wote, na hao watu wawili wenye paka, mkiwapata.

Wako mtiifu,
Ximena Arredondo

Nyongeza: Nimemsomea Efraín barua hii. Amekuwa mwekundu mpaka masikioni. "Dogo, hujaipeleka, sivyo?" Kumbe jana Kocha Dirks aliwaonyesha filamu ya wapinzani wetu wa Jumamosi wakifanya mazoezi ya kutuzuia. Wamesoma gazeti lenu, wakaliamini. Mabeki wote wanamkimbilia Krehbiel, na mpenyaji hawamtazami kabisa, kama vile ni mwuza karanga aliyekatiza uwanjani. Kwa hiyo Jumamosi Krehbiel hatachomoa. Mpira ni wa Efraín, tangu mchezo wa kwanza. "Ukiwaambia watu mimi ni muhimu," ameniambia, "umeniua." Kisha akala tamale zote, pamoja na zangu. Helmeti harudishi. Basi naomba barua hii msiichape, na yote niliyosema hapo juu si kweli. Naituma tu kwa sababu bado ninalo ombi: kesho, kama nafasi ipo ukurasani, mumshushe awe wa kumi na mbili.