Hatua Themanini Kutoka kwa Kanyshay

Jumatatu, 3 Julai

Wiki ya tano malishoni, hakuna mgeni wa kulipa hata mmoja. Watalii wote wanakwenda kule ziwani kwenye sifa, wanapigana vikumbo kupiga picha. Bonde letu lina tai, lina mbuzi-mwitu wenye pembe ndefu kuliko mkono wangu, na kimya mpaka unamsikia farasi akitafuna. Hakuna ajuaye. Wachache wanaopotea njia wakafika huku wanaishia kwa Kanyshay, mjane wa huko juu, kwa sababu alfajiri mbuzi-mwitu wanashuka mpaka mlangoni pake. Kwa nini kwake? Sielewi. Mwanamke hana hata kibao cha njia!

Batma, mke wangu, amesema basi. Jumapili kaka yake, Mederbek, anapita na lori. Kama mpaka siku hiyo hajalala mgeni kwetu, hema letu la sufu linakwenda mjini kukodishwa kwenye harusi. Hema la marehemu baba! Nimekosa hamu hata ya chai.

Lakini nina mpango.

Jumanne, 4 Julai

Tumehama. Farasi wawili, safari tatu, mgongo sina. Hema nimelisimamisha hatua themanini chini ya hema la Kanyshay, katikati ya njia. Mgeni hamfikii bila kunipita. Darajani nimeweka kibao chenye mshale.

Nilijua Kanyshay atakuja na matusi, nikaandaa yangu, matatu, makali. Akaja na birika la chai, mkate na malai. Akasema, "Mdogo wangu, karibuni. Kesho jioni mnakula kwangu." Ndiyo desturi yetu: anayehamia malishoni hulishwa kwanza na jirani aliyemkuta. Kukataa ni kutangaza uadui. Mimi nilikuja kwa uadui, kweli, ila sikutaka kuutangaza. Nikasema ahsante, dada. Matusi nimebaki nayo.

Jumatano, 5 Julai

Wageni! Wakorea wawili, mtu na mkewe, pamoja na dereva wao Akylbek, wamefuata mshale. Wanataka wanyama na milima isiyo na watu. Mizigo ikaingia kwangu. Batma akatabasamu, mara ya kwanza tangu Mei.

Ikafika saa ya kwenda kula. Unamwachaje mgeni peke yake hemani? Tukaenda nao. Kanyshay kachinja kondoo. Mimi mhamiaji ndiye niliyewekewa kichwa, kwa heshima zote, nikawa nakata masikio na kugawa huku wageni wangu wanachekeana na Kanyshay. Wakashiba, wakaegemea mito, wakasema kupitia Akylbek kwamba wangependa kulala pale pale ili alfajiri wawaone mbuzi-mwitu. Akylbek akaniomba nilete mizigo. Nikaileta mwenyewe, hatua themanini, kupanda. Sijui ilikuwaje.

Alhamisi, 6 Julai

Nimewaza sana. Kilichoniponza ni kuwa mhamiaji. Mhamiaji hualikwa, na akialikwa wageni wake wanapotea. Basi ahame Kanyshay! Nikamwendea, nikamwambia nyasi zake zimekwisha, ng'ambo ya kijito kuna nzuri zaidi. Nilitarajia ubishi. Akasema hata yeye alikuwa anawaza hivyo, akanishukuru. Kufika mchana ameshahama, Wakorea wanambebea vitu na kupiga picha kila kamba. Kabla hata ya matandiko alivusha gunia la chumvi, ile anayowamwagia kondoo wake juu ya mawe. Kila mtu na mambo yake.

Jioni nimehamia pale pake. Kesho mbuzi-mwitu ni wangu.

Ijumaa, 7 Julai

Hawakuja. Wote kumi na mmoja wako ng'ambo kwa Kanyshay, wanalamba mawe. Nani kawaambia? Batma anasema wanafuata chumvi. Nikamwambia mnyama wa porini hana habari na gunia la mtu.

Kisha akanikumbusha jingine: sasa mhamiaji ni Kanyshay, na jirani ni mimi. Loo! Nimechinja kondoo wangu pekee aliyenona. Wamekuja wote, Wakorea na Akylbek pia. Katikati ya mlo ikapiga mvua ya mawe, kijito kikafurika, hakuna kuvuka. Wamelala kwetu! Batma alitandika magodoro huku anaimba.

Kanyshay akaniambia polepole, "Ungenieleza tu, Suyunbek. Wageni ningekugawia. Mimi nilichokosa ni jirani." Nikamkatia kipande kinono kuliko vyote. Nadhani kisu kiliteleza kwa mafuta ya kondoo.

Jumapili, 9 Julai

Wakorea wameondoka jana, wamesema watatuletea wenzao. Leo Mederbek kafika na lori. Batma alikuwa kijitoni anachota maji. Nusura nilie kwa furaha: hema la baba limepona.

Nikakaa nikajiuliza nini hasa kimeniokoa. Jibu ni moja, kuhama! Nilipotulia wiki tano sikupata kitu. Nimehama mara mbili, wamelala watatu. Tena nasikia bonde la pili yuko bwana mmoja, Tashtemir, ambaye kwake hupita chui wa theluji. Hatua themanini tu kutoka kwake zinatosha. Na lori hili hapa.

Nimeanza kufungua kamba. Mederbek hakuuliza kitu, anapakia tu, mtu mwema sana. Tumeshapakia sufu yote na paa. Batma amerudi, ametua ndoo, amemuuliza kaka yake hema linakwenda wapi. Mederbek kajibu: mjini, harusini, kama walivyopatana.

Sijui kwa nini wote wawili wananitazama mimi.