Platini ya Gari la Baba

Jumanne, 4 Machi
Nisamehe, daftari. Miezi mitano kimya! Mtoto ameota meno manne, nami nimesahau usingizi unafananaje.

Leo Shemeji, mwenye kiwanja hiki tunachoishi, katangaza vita. Gari la marehemu baba lisiponguruma kufikia Jumapili, linauzwa chuma chakavu, ajenge banda la kuku palepale lilipoegeshwa. Hajui kwamba mtoto halali popote ila kiti cha nyuma. Hajui kwamba nikishika usukani barabara zinaanza kupita kiooni, miti, mawingu, na baba pembeni akipiga mluzi. Nikamjibu kwa upole: sawa, shemeji. Nina mpango.

Jumatano, 5 Machi
Fundi kasema ugonjwa ni platini, kile kidude kinachofunguka na kujifunga ili plagi zipate cheche. Nikamuaga Shemeji kwamba nampeleka mtoto kupima uzito. Maduka sita! La kwanza wakanipa ya pikipiki. La nne wakauliza kama gari langu hula majani. La sita, Babu Spea, miwani imefungwa kwa uzi, akasema: mwanangu, bila sampuli tutadanganyana.

Mtu mwaminifu kama huyu!

Alhamisi, 6 Machi
Nimeing'oa platini kwa kisu cha jikoni, nikampelekea. Akaigeuzageuza kwenye mwanga. Ngumu kupatikana, akasema, ila kwa ajili ya huyu wa mgongoni atahangaika. Nimwachie sampuli. Vidole vyake vimejaa vumbi la msasa. Mchapakazi. Nikasinzia kwenye benchi lake, nikaota tunateremka mlima mrefu usio na mwisho, injini haitoi hata sauti.

Jumamosi, 8 Machi
Imepatikana! Inang'aa kama jino jipya. Tena ina doa la rangi nyekundu palepale lilipokuwa kwenye ile ya zamani. Kumbe ni alama ya kiwanda, na mimi miaka yote nikidhani baba ndiye aliyelipaka! Nikaomba ile ya zamani niiweke ukumbusho. Babu Spea akasema ameshaitupa, ilikuwa imeoza. Nikamlipa, nikamshukuru.

Jumapili, 9 Machi
Imeingia kana kwamba ilizaliwa humo. Nikawasha. Gari likakohoa. Shemeji, futi mkononi, akauliza aliletee dawa ya kifua? Nikawasha tena. Likanguruma! Shemeji akakunja futi, akasema haya, umenishinda, likae. Tukazunguka mtaa mara mbili, polepole, mtoto kalala fofofo, mimi machozi tu.

Jumatatu, 10 Machi
Nimewaza: kama platini moja mpya imefanya maajabu haya, vidude vyote vya cheche vikiwa vipya je? Asubuhi nimeng'oa vilivyobaki, nikampelekea Babu Spea viwe sampuli. Gari kimya. Shemeji namuona dirishani, anapima tena palepale. Apime!

Karatasi niliyomwachia Babu Spea, nanakili hapa: anitumie koili moja, kondensa moja, kofia ya distributa na rota yake, plagi nne, waya tano, ule mrefu usisahaulike. Na kila kimoja kiwe na doa jekundu, nisije nikauziwa bandia.