Swichi Nyekundu Juu ya Jiko

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Kitengela.

Siku njema kabisa! Jiko la stima limefika. Meko manne, oveni ya mlango wa kioo, limetumiwa kidogo tu na mwalimu mmoja wa Isinya aliyehamia Nakuru. Kifundo kimoja cha kuwashia huchomoka ukikishika vibaya. Nashipae, mke wangu, anasema hilo ni tatizo. Nimemweleza kwamba jiko litakuwa na swichi yake ukutani, na mwenye swichi ukutani hana haja na kifundo.

Haraka yote hii ni ya mama mkwe. Anakuja Jumamosi kutoka Mashuuru. Nashipae ana mimba kubwa, ya kwanza, na mama yake amesema atakaa naye mpaka mtoto azaliwe. Hajasema watakaa wapi. Anataka kwanza kuiona nyumba. Akiipenda, watakaa hapa. Asipoipenda, atamchukua Nashipae na kumpeleka Kajiado kwa Gideon, mwanyumba wangu, aliyemwoa Kakenya, dada mkubwa wa Nashipae. Mwanangu azaliwe kwa Gideon! Mtu ambaye hawezi kukusalimu bila kuitaja veranda yake. Nashipae anataka kujifungulia kwake, amesema hivyo bila kuficha, na mimi nimemwambia aniachie.

Jumanne, 5 Agosti

Wazo limenijia nikinyoa ndevu. Nimejikata, lakini wazo ni zuri.

Mimi ni dalali wa viwanja. Kazi hii imenifundisha kwamba mnunuzi hununua kile anachokiona kwanza. Mpeleke mtu kwenye kiwanja chenye geti zuri, hataulizia maji. Sasa: ukikaa kwenye sofa letu, unaona jikoni kupitia kile kidirisha cha kupitishia chakula. Unaona nini? Ukuta mtupu juu ya jiko. Hapo ndipo swichi itakaa! Ile kubwa, nyekundu, yenye taa. Gideon, ambaye ndiye atakayemleta mama mkwe, ataketi kwenye sofa, atainua macho, na taa itamwangalia mpaka arudi Kajiado.

Jumatano, 6 Agosti

Fundi wa stima alikuja asubuhi. Nanjala, mama mwenye sauti ya kuuza mnadani. Nilimwonyesha mahali. Alicheka hadi akakaa kwenye ndoo. Akasema swichi ya jiko hukaa kando, mahali mkono unafika bila kupita juu ya moto, na mbali na sinki pia. Mafuta yakishika moto, aliuliza, utazima na nini, na ulimi?

Nilimwambia kando kuna vigae vya maua na siwezi kuvitoboa. Akasema maua hayo nitawekewa kaburini. Kisha akachukua mfuko wake na kwenda zake, huku akimsimulia mtu kwenye simu habari zangu, kwa jina!

Mchana nikamwita Muema. Kijana mwenye adabu. Husema sawa hata kabla hujamaliza kusema unachotaka. Kufikia jioni swichi ilikuwa juu, katikati kabisa, inawaka. Nimeketi kwenye sofa nikiitazama mpaka ugali ukapoa.

Alhamisi, 7 Agosti

Tumejaribu jiko kwa githeri. Limefanya kazi! Mvuke ulipanda ukaifunika swichi, nikaipangusa kwa taulo. Inaonekana imelegea kidogo upande wa chini, kama imechoka. Nadhani ni kawaida ya plastiki mpya.

Kifundo kilichomoka, ikabidi Nashipae azime ukutani. Na tumbo lile, mkono haukufika. Akatumia mwiko. Nimemsifu kwa ubunifu wake. Hakuonekana kufurahi. Amesema nimwite Nanjala arudi. Nimemwambia baada ya Jumamosi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimepaka ukuta rangi. Nimefua pazia. Nimefanya mazoezi ya kuketi kwenye sofa kama Gideon, kutoka pembe zote, na kila pembe swichi inaonekana. Siwezi kulala kwa furaha.

Jumamosi, 9 Agosti

Nitaandika polepole.

Walifika kabla ya chakula cha mchana, mama mkwe, Gideon na Kakenya. Nilisimama mbali, kwa sababu ya heshima. Kwa kina Nashipae, Wamaasai, mtu na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawali wakitazamana, wala hawaitani kwa jina. Mimi na yeye tunaitana Pakerr, kwa sababu ya yule kondoo niliyempa tulipooana. Mimi ni mtu wa Limuru, lakini heshima hii nimeishika kuliko wenye nayo. Nikamsalimu kwa Kimaa, takwenya, nikiangalia tangi la maji, naye akaitikia iko kutoka getini. Wanawake wakaingia kwa mlango wa nyuma, moja kwa moja hadi jikoni. Mimi na Gideon tukaingia sebuleni.

Nikamwonyesha sofa. Na hapo ndipo nilipogundua. Mama mkwe yuko jikoni. Kidirisha kiko wazi. Gideon naye ni mkwe wake! Kwa hiyo Gideon, mtu wa heshima zake, akaligeuza sofa likaelekea ukutani na kuketi akiwapa jikoni mgongo. Ikabidi na mimi niketi vivyo hivyo. Tukakaa hapo wanaume wawili tukiutazama ukuta, na swichi yangu ikiwaka nyuma yetu. Nilimwomba ageuke kidogo tu, mara moja. Akauliza kama nimerukwa na akili.

Akaanza habari za veranda.

Pakerr alikuwa anakaanga nyama kwa mafuta yake mwenyewe aliyoyaleta kutoka Mashuuru. Harufu ilikuwa nzuri. Kisha ikawa si nzuri. Nikasikia mafuta yakinguruma, halafu Kakenya akisema kwa sauti ya chini, ile ya mtu aliyeogopa sana, kwamba yameshika moto. Nikasikia kifundo kikianguka sakafuni.

Nikapiga kelele wazime ukutani! Nikawaambia iko juu, juu ya jiko! Nilikuwa nikiuambia ukuta wa sebule. Gideon naye akauambia ukuta uleule kwamba hakuna mtu huweka swichi hapo. Nikafikiria swichi kuu. Iko nyuma ya mlango wa jikoni, kwa ndani. Nikasimama. Nikaketi. Nikasimama tena. Kisha nikasikia Pakerr akilitaja jina la Nashipae kwa ukali na kitu kikipasuka, na hapo nikaisahau heshima, Mungu anisamehe, nikageuka.

Nashipae alikuwa amenyoosha mkono juu ya moto ule, na tumbo lake limegusa jiko. Mwanangu yuko ndani ya tumbo lile. Pakerr alikuwa amemshika gauni kwa nyuma, anamvuta kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ameipiga swichi kwa fimbo yake ya kutembelea. Taa ikazima. Swichi ikabaki inaning'inia kwa nyaya. Kakenya akafunika sufuria kwa kifuniko na moto ukafa.

Nashipae hakuungua. Nywele za mkono tu. Nimeuliza mara nyingi hadi Kakenya akanikataza kuuliza.

Nikarudi kuutazama ukuta. Baada ya muda Pakerr akazungumza nami kutoka jikoni, kwa upole sana, kwa Kiswahili ili nisije nikasema sikuelewa. “Pakerr, huyo mtu aliweka hiyo kitu hapo, ako na bibi?” Nikasema ndiyo, anaye. Akasema, “Hapana. Hana, mpaka hiyo kitu itoke.”

Kufikia saa kumi walikuwa wameondoka na Nashipae kwenda kwa Gideon. Gideon alimbebea begi. Nashipae alinishika mkono getini na kuniambia yeye alitaka kukaa.

Jumatatu, 11 Agosti

Nyumba imekuwa kubwa mno. Nimekula mkate. Nimekaa jikoni na kulaumu kila mtu. Muema, kwa kusema sawa. Mwalimu wa Isinya, kwa kifundo. Mwisho nikampigia Nanjala simu. Alijua habari yote. Nilipouliza ameipata wapi, akasema Kitengela nzima iko nayo. Atakuja kesho, kwa sharti kwamba nisiseme neno lolote akiwa kazini.

Jumanne, 12 Agosti

Sikusema neno! Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuuza kiwanja cha korongoni. Ametoboa vigae vyangu vya maua. Swichi sasa iko kando ya jiko, kimo cha kifua, mkono unaifikia ukiwa umesimama sawasawa. Chini yake kuna soketi ya birika, mbali na sinki. Amefunga kifundo kipya. Akanisimamisha mbele ya jiko, akanifanya nizime na kuwasha, nizime na kuwasha, kama mtoto wa chekechea. Kisha akasema lile shimo la juu nilizibe kwa kigae, na nisiweke kitu chochote pale. Nikaitikia kwa kichwa.

Jumatano, 13 Agosti

Nimemtumia Nashipae picha. Amejibu kwamba Pakerr ameitazama, ameikuza kwa vidole, amekubali. Wanarudi Jumamosi, wote wawili, na watakaa hapa mpaka mtoto azaliwe! Nimeruka jikoni peke yangu. Nimelia pia kidogo, na sioni aibu kuandika.

Nashipae ameongeza kwamba mama yake amezoea sana kwa Gideon. Kila jioni hutazama taarifa ya habari ya Kimaa kwenye runinga. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi.

Ijumaa, 15 Agosti

Kigae cha kuziba lile shimo hakipatikani. Maua kama yale hayauzwi tena. Shimo linanitazama. Nimezunguka Kitengela yote na kurudi bila kigae, lakini si mikono mitupu.

Jumamosi, 16 Agosti

Limezibika! Hulioni hata ukilitafuta. Runinga imekaa hapo kana kwamba ukuta ulijengwa kwa ajili yake. Si swichi, si soketi, hakuna wa kunilaumu. Gideon ana runinga sebuleni, kama watu wote. Pakerr wangu atapika huku akitazama habari, mbele yake kabisa. Waya nimeupitisha nyuma ya jiko hadi kwenye soketi ya Nanjala, kwa sababu ndiyo njia fupi, na hauonekani hata kidogo.

Nimebandika uji wa Nashipae kwenye jicho kubwa la jiko, chini ya runinga. Picha inaonekana safi hata kupitia mvuke.

Geti linagongwa. Acha nikaligeuze sofa lielekee ukutani.