Tandiko Langu, Mgongo wa Malkia

Jumatatu, 3 Juni

Simu imelia asubuhi. Mama Verna, fundi matandiko ambaye Wyoming nzima humpangia foleni, kasema zamu yangu imefika. Nimlete farasi apimwe mgongo. Miaka miwili nimesubiri. Hatimaye!

Jambo lenyewe ni hili. Septemba, tukishusha ng'ombe kutoka milimani, Bibi Beulah, mwenye ng'ombe hao, atachagua mkuu mpya wa msafara. Wa zamani magoti yamemwisha. Mkuu hupanda mbele, wengine wote hula vumbi lake. Mimi nimelila vumbi hilo tangu nikiwa kijana mwenye nywele. Shemeji yangu Lyle, kaka wa mke wangu, anadhani kazi ni yake. Keshaanza kutembea kikubwa. Maskini.

Tatizo ni Biskuti. Farasi wangu huyu ana mgongo wa pipa. Kumvika tandiko la Mama Verna ni kulivika gunia la viazi suti. Lyle naye ana farasi jike, Malkia, mweusi tii, kiuno cha bibi harusi. Na alisema mwenyewe kanisani kwamba atamuuza vuli ikifika. Nani atamnunua? Mimi. Na wiki hii Lyle yuko wapi? Nebraska, harusini. Na nani kaachiwa kulisha farasi wake? Ha! Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Alhamisi, 6 Juni

Nimempeleka Malkia kwa Mama Verna. Nimesema ni wangu. Si uongo huo, ni ukweli uliowahi kufika. Kapinda waya juu ya mgongo, kachora kwenye kadibodi, kasema mgongo kama huu huuona kwa nadra. Nikashukuru kana kwamba nimemzaa mimi.

Kisha zamu ya makalio yangu. Nikasema inchi kumi na tano. Akasema kumi na saba. Nikasema kumi na tano. Akasema, baba, mimi napima unachokalia, sipimi matumaini. Adabu hana hata chembe. Imeandikwa kumi na saba.

Nimeagiza maua ya waridi yachongwe kote, mpaka kwenye vikuku vya kukanyagia. Lyle anapandia tandiko la babu yake, limefungwa kwa waya wa uzio. Aibu nikaona mimi.

Jumatatu, 9 Septemba

Limefika! Lo, uzuri gani! Nimelikalia sebuleni mpaka mke wangu Lorna akanifukuza.

Mchana nikaenda kwa Lyle kununua Malkia. Hauzi! Kumbe Mama Verna alimkuta juu ya Malkia, akampa hongera kwa kumnunua kutoka kwangu, akamwambia mgongo ule ni hazina. Lyle, mtu aliyekuwa ameikalia hazina yake bila kuijua, sasa hauzi ng'o. Wala hakugomba. Kaniuliza kwa upole tu, shemeji, yule farasi wako mweusi hajambo? Mkewe nyuma ya pazia anacheka mpaka anakohoa.

Nimeaga.

Jumanne, 10 Septemba

Haidhuru. Biskuti yupo. Farasi ni farasi.

Nimemtandika. Kiunzi cha tandiko ni chembamba, mgongo ni uwanja. Limekaa juu juu, linayumba. Nikaweka blanketi la ziada. Likazidi kuyumba. Nikaweka la tatu. Nikapanda upande wa kushoto, nikateremka upande wa kulia bila kupenda. Lorna, dirishani, kauliza kama nimeanguka au ndivyo linavyotumika. Kasema tena kwamba kiatu kikimbana mtoto, humwongezei soksi. Soksi na farasi wapi na wapi!

Mpango mpya. Biskuti apungue. Nyasi kiduchu mpaka Jumamosi, siku ya msafara.

Alhamisi, 12 Septemba

Biskuti kanenepa. Lorna anampa matufaha kwa siri, eti alimwona ana huzuni. Nafuga msaliti ndani ya nyumba.

Halafu tandiko linalia kwi-kwi-kwi. Kila mtu atajua ni jipya, na mimi ni limbukeni. Mama Verna aliniusia mafuta mepesi, kidogo kidogo, kwa kitambaa. Kidogo kidogo ni ya watu wenye nafasi. Nimelimwagia kopo zima la mafuta ya nguruwe ambayo Lorna aliyakusanya kwenye kikaango. Sasa kimya. Waridi zimekuwa rangi ya mkate ulioungua, lakini kimya. Mbwa wetu hataki kutoka ghalani.

Jumamosi, 14 Septemba

Naandika nimelala kifudifudi, makalio hayakaliki.

Tulipoanza kushuka tu, mbwa wote wa kuchunga wakaacha ng'ombe wakanifuata mimi. Wote! Ng'ombe wakatawanyika. Lyle kapaza sauti kwamba shemeji hatimaye kapata wafuasi.

Mchana tukasimama. Bibi Beulah ana desturi yake. Kila mtu avue tandiko, naye apitishe kiganja mgongoni. Jasho likienea sawasawa, tandiko limemkaa farasi. Palipo pakavu pamebanwa. Na anayembana farasi wake hataongoza wa wenzake, basi, hakuna rufaa. Nikachungulia chini ya blanketi. Madoa mawili makavu, makubwa kama sahani!

Bibi Beulah alikuwa bado mbali kidogo. Kijito kilikuwa karibu. Nikachota maji kwa kofia, nikammwagia Biskuti. Mgongo ukang'aa wote. Bingwa!

Kafika. Kapitisha kiganja. Kanitazama. Kalamba kidole. Bibi wa miaka themanini, analamba farasi! Kasema, watu wote wakisikia, kwamba ameona farasi wa kila namna, lakini anayetoka jasho lisilo na chumvi, tena lenye majani ya kijito ndani yake, ndiyo kwanza. Watu hoi kwa vicheko. Kisha akaacha kutania. Akabonyeza pale palipokuwa pakavu, Biskuti akashtuka akarudi nyuma. Akaniambia, mwanangu, huyu kakubeba miaka yote, na wewe leo umempa kidonda. Tandiko lishuke, na wewe utembee.

Biskuti hakutaka hata kunitazama. Niliona vibaya, nakiri. Kwa muda.

Hapo Lyle akaomba kulijaribu tandiko, kwa Malkia. Likakaa kama chungu juu ya mafiga. Kalipandia mpaka jioni. Alipovua, jasho limeenea kama limepakwa kwa brashi. Bibi Beulah kampa mkono palepale. Mkuu wa msafara! Juu ya tandiko langu! Na makalio yake, kumbe, kumi na saba barabara.

Mimi nimeingia mwisho kabisa, kwa miguu, namwongoza Biskuti, nimejaa vumbi la Lyle, mbwa wananilamba suruali.

Jumapili, 15 Septemba

Lorna anampaka Biskuti dawa mgongoni. Anapona. Mama Verna kapiga simu, habari zimemfikia. Kasema nirudi kwenye foleni, nimlete Biskuti mwenyewe bila hila, atamtengenezea tandiko la saizi yake. Lorna kasema bila shaka sasa nimejifunza.

Nimejifunza, tena sana. Tandiko halina kosa. Biskuti hana kosa. Kosa lilikuwa chumvi.

Nimetoka ghalani sasa hivi. Vijiko vitatu kwa ndoo moja, nikammwagia upande ambao hauna dawa, nikalamba. Jasho tupu! Hata Bibi Beulah hatang'amua. Nilipoinua kichwa, Lorna kasimama mlangoni. Hakuniuliza kwa nini nalamba farasi. Kaenda kumpigia kaka yake aje aone.

Aje. Mwaka ujao atakula vumbi langu.