Ombi la Kumhamisha Askari Zamperoni, Jirani wa Babu Yangu Mdogo

Bwana Msimamizi wa Nyumba ya Mifupa ya Askari, Mlimani,

Salamu nyingi kutoka huku bondeni. Mimi ni Ottorino Zampese, yule mzee wa kofia yenye unyoya anayepumzika kila kona ya ngazi zako akijifanya anatazama milima. Nakuandikia kwa heshima zote, nikiwa nimekasirika.

1. Mmewapanga marehemu kwa alfabeti. Kwa hiyo shubaka la babu yangu mdogo, Valentino, limegusana na la Zamperoni. Vita vilimtenga na mama yake, nanyi mkamkabidhi kwa ukoo wa jirani yangu Delfina, mjane mwenye mdomo.

2. Kila Siku ya Wafu namkuta Delfina keshafika. Anapangusa jina lao, kisha anapangusa na letu, bila ruhusa! "Sogea huko, mzee, unahema kama ng'ombe," ananiambia, halafu ananimiminia kahawa. Nainywa kwa shingo upande. Siku hiyo hunyoa ndevu alfajiri, sijui kwa nini.

3. Mwaka huu mlinzi wako alikataza zaidi ya chungu kimoja cha maua kwa kila shubaka. Nilikuwa nimebeba viwili. Kwa kuwa sipendi kutupa kitu, kile cha pili nikampelekea Delfina mlangoni, tena nimechana nywele. Ndiyo, krisantemu. Maua ya makaburini, kwa mwanamke mzima wa afya! Alipiga kelele mtaa wote ukatoka: "Mama Maria! Huyu ananizika na supu yangu haijapoa!" Tangu hapo hanisemeshi, na mkate nanunua kijiji cha pili kwa aibu.

Kosa ni lenu. Naomba Zamperoni apelekwe mwisho wa ukuta. Ikishindikana, pangeni alfabeti upya. Ikishindikana tena, mtieni Valentino kwa wale wasio na majina, nami mnitengee nafasi hapo hapo. Siwezi kusimama kando ya Delfina aliyeninyamazia. Inaniuma, Bwana Msimamizi.

Nisalimie mkeo, mlinzi wako mkali, na askari wote kwa ujumla.

Wako mtiifu, ingawa nanung'unika,
Ottorino Zampese

Baada ya kutia sahihi: Delfina amepita sasa hivi chini ya dirisha langu. "We Ottorino! Mimi marehemu uliyenizika nimesonga ugali, na jibini ipo. Unakuja, au nikuletee maua?" Naenda. Tafadhali usiguse hata mfupa mmoja.