Kwapa la Jezi Namba Moja

Jumamosi, tarehe 2 Mei

Tumefungwa tena. Matatu bila. Mvua ilikuwa inanyesha na jukwaa letu halina paa, kwa hiyo nimelowa na nimefungwa, sijui kipi kimeniuma zaidi.

Timu yetu inaitwa Radi. Jina walilipatia. Ngurumo tupu. Beki wa kulia anakimbia kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Mshambuliaji wa kati akipewa mpira anageuka kwanza kuangalia nani kampa. Na golini! Golini yuko mtoto wa Mama Filimbi, jirani yangu, yule anayepuliza filimbi jukwaani mpaka masikio yanaziba. Kijana wake mimi namwita Mlango Wazi. Bao la kwanza limepita kushoto, la pili kulia, la tatu katikati ya miguu. Hajabagua.

Na mwanangu? Benchini. Watu wa mtaa walimpa jina la Komeo tangu anacheza chandimu, kwa kuwa akikaa golini hakipiti kitu. Lakini Kocha hamwoni. Msimu mzima Komeo amekaa, mpaka kaptula imetoboka makalioni, nimeitia kiraka mimi mwenyewe. Mchezaji wa mpira anachakaa makalio! Uongozi gani huu?

Jioni amesema, anakula huku haniangalii, kwamba timu ikishuka daraja anaenda kwa mjomba wake kutengeneza malori. Mjomba mwenyewe ni kaka yangu, simkatai, lakini anakaa mbali, basi lenyewe linalala njiani. Komeo ni kitinda mimba wangu. Wenzake wote wameshatoka, kila mtu na kwake. Akienda na huyu, nabaki mimi na cherehani.

Nimemwambia timu haishuki. Akaniuliza kama nimeuangalia msimamo wa ligi. Nimemjibu kwamba msimamo wangu mimi ni huo: haishuki.

Jumatatu, tarehe 4 Mei

Nimeenda uwanja wa mazoezi kumpa Kocha ushauri. Bure, sikutaka hata asante.

Amenisikiliza huku akichora mishale ubaoni. Akasema mpira ni sayansi, mama. Nikamwambia hata kushona ni sayansi, lakini suruali ikimkataa mtu nambadilishia, simwambii abadilishe miguu. Hapo ameacha kuchora. Akasema Mlango Wazi (yeye hakumwita hivyo) ana uzoefu. Anao kweli. Uzoefu wa kuokota mpira nyavuni.

Kutoka getini nakutana uso kwa uso na Mama Filimbi. Kufika jioni, dukani kote kumejaa maneno kwamba kuna wazazi wanaenda kuombea watoto wao namba. Nimemtumia salamu kwa muuza duka: afadhali mimi ninayeombea anayedaka. Amerudisha salamu: hata godoro lingedaka kama lingekaa muda wote limepumzika.

Godoro! Mwanangu!

Usiku huu sitalala vizuri.

Jumatano, tarehe 6 Mei

Nimepata akili. Nitashona bango. Si la karatasi, karatasi inalowa. La kitambaa, herufi nyekundu, refu kama kitanda cha wageni. Jumamosi nitalinyanyua mbele ya jukwaa kuu ambako Mwenyekiti wa timu anakaa na miwani yake. Akiliona, Kocha kwisha. Kocha akiisha, Mlango Wazi kwisha.

Nimekata herufi kutoka kwenye pazia la zamani. Mimi niliishia darasa la nne, herufi zote nazijua, tatizo langu ni ipi inakaa wapi. Ningemuuliza Komeo, lakini Komeo hataki mambo yangu ya uwanjani. Husema namtia aibu. Basi nimejifungia chumbani nikashona peke yangu, mshono wa kurudi nyuma, ule ambao hata upepo uje haufumuki.

Nimemaliza. TUMECHEKA NA KOCHA. Nimelitandika kitandani nikalisoma mara nyingi. Maneno makali. Hata mimi nimemwonea huruma kidogo.

Jumamosi, tarehe 9 Mei

Leo sitaki kuongea na mtu.

Nilisubiri timu ziingie. Nikapanda juu ya kiti, nikalinyanyua. Jukwaa zima likaanza kucheka. Nikasema moyoni, haya, kumbe si mimi peke yangu, wote wamechoka. Nikalinyanyua zaidi. Kocha akageuka. Akasoma. Akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kama mtu aliyepewa zawadi. Mimi namtolea macho, yeye ananipungia!

Mama Filimbi ndiye aliyenisogelea. Kaniuliza mbele za watu, dada, kumbe wewe na Kocha huwa mnacheka pamoja, tangu lini? Nikageuza bango. Nikalisoma herufi kwa herufi, kwa kidole. E. Nilitia E. Mistari mitupu, inakatika kwa mkasi kirahisi. O inazunguka, inasumbua.

Kuanzia hapo jukwaa halikuimba kingine. Tumecheka, tumecheka! Kwa sauti, na filimbi ya yule mama juu yake.

Tumetoka sare. Mpira ulimpiga Mlango Wazi usoni ukatoka nje, wakampigia makofi kana kwamba alikusudia. Imebaki mechi moja. Tukipata sare tu tunabaki ligi kuu. Tukifungwa tunashuka.

Komeo amerudi nyumbani, ameliona bango kwenye kamba, amelisoma, ameingia ndani. Nimemsikia anacheka peke yake. Muda mrefu sijamsikia. Kisha nikasikia anaburuta sanduku kutoka chini ya kitanda.

Jumatatu, tarehe 11 Mei

Sikutegemea! Mwenyekiti amekuja barazani kwangu. Yeye mwenyewe, na miwani, na dereva wake. Nilidhani amekuja kunifungia uwanja.

Kumbe ameguswa. Amesema msimu mzima watu wanawatukana, wanawarushia chupa, na shabiki mmoja tu katika timu yote ndiye aliyesimama kwa furaha na kocha wao. Amesema kuanzia leo mimi ni mama wa timu. Nikasema asante, baba. Ningesema nini?

Halafu dereva akashusha mfuko. Jezi zote za mechi ya mwisho, zimechanika, nizishone nizifue. Nikauliza, za akiba ziko wapi? Akasema hakuna, ndiyo hizi hizi. Timu ya ligi kuu! Seti moja! Nimesema huu uongozi ni bure kabisa, ila nimesema baada ya gari kuondoka.

Nimemwaga mfuko mkekani. Juu kabisa, kijani, mikono mirefu: namba moja. Ya Mlango Wazi.

Nimeitazama. Kama nayo ilinitazama.

Alhamisi, tarehe 14 Mei

Niandike nilivyopanga, nisije nikajichanganya.

Jezi namba moja nimeipunguza kwapani. Huku na huku. Kwa nje haionekani. Mtu akitembea hajui, akipiga makofi hajui, akinyanyua mikono juu, hapo ndipo atajua. Kesho itaondoka na zingine. Jumamosi Mlango Wazi ataletewa mpira wa juu, mikono itakwama kwenye masikio. Bao moja la mapema. Kocha anashtuka, anamtoa, anaingia Komeo. Washambuliaji wanarudisha lile bao. Sare. Tunabaki ligi kuu, sanduku linarudi chini ya kitanda.

Bao moja tu. Timu inaweza kuvumilia bao moja.

Nimeshona kwa mshono wa kurudi nyuma. Kazi yangu sifanyi nusunusu.

Jezi ya Komeo ndiyo nimeihangaikia zaidi. Kola mpya, vishikizo vipya, nimeiloweka peke yake, nimeianika kivulini isipauke. Namba ishirini na mbili haitaonekana tena ya mtu wa benchi.

Mama Filimbi amepita barazani. Ameona mfuko, akaniomba kwa adabu nimwangalizie jezi ya mwanawe kwapani, analalamika inampwaya. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, nimeshaibana.

Jumamosi, tarehe 16 Mei

Nimetoka uwanjani sasa hivi, hata viatu sijavua. Naandika hivyo hivyo.

Wakati wa kupasha misuli, fulana za mazoezi bado mwilini, Mlango Wazi ameangukia mkono. Kidole kimepinda. Daktari wa timu akaingia, Kocha akashika kichwa, halafu akageukia benchi. Akamwita Komeo!

Nimeruka. Nimemkumbatia mtu nisiyemjua. Nimemkumbatia hata Mama Filimbi aliyekuwa analia, nikalia naye, yeye chake na mimi changu.

Timu zikaingia kubadilisha. Zikatoka. Komeo wangu anatangulia, mrefu, kifua mbele. Mgongoni: namba moja.

Hapo ndipo nilipoikumbuka ile namba ishirini na mbili. Iko nyumbani. Nimeitundika nyuma ya mlango wa chumbani, nilikataa isikunjwe mfukoni na zingine, nikasema nitaileta mwenyewe mkononi. Mkononi nilikuwa na nini? Mwavuli.

Nikafungua mkoba nikatoa mkasi. Nikakimbia mpaka kwenye uzio nyuma ya goli, napiga kelele: Kwapa! Fumua kwapa! Mlinzi ameona mwanamke anakuja mbio na mkasi, akanidaka kiunoni (huyu ndiye angekaa golini). Namweleza, hanielewi. Mimi napiga kelele, kwapa, kwapa! Jukwaa likadhani nimeleta wimbo mpya. Kwa-pa! Kwa-pa! Na filimbi ya Mama Filimbi, machozi yakimtoka, inapigia mdundo.

Kona. Mpira wa juu, mlaini, wa kudakwa na bibi harusi na maua yake mkononi. Komeo akaruka. Akaruka vizuri, niliona. Mikono ikaishia masikioni. Mpira ukapita juu ya vidole.

Bao moja la mapema.

Mapumziko, daktari akamchana kwapa kwa mkasi wake wa bandeji. Kipindi cha pili mikono ikawa huru. Jamani! Alidaka vya juu, vya chini, alidaka penalti, alidaka mpaka wapinzani wakacheka kwa kukata tamaa. Jukwaa lote limesimama linaita Komeo, Komeo. Hata Kocha alikuwa anatikisa kichwa, anauliza benchi zima kijana huyu alikuwa wapi. Alikuwa nyuma yako, baba! Msimu mzima!

Lakini kurudisha lile bao hawakuweza. Dakika zote zile, washambuliaji wote wale. Mshambuliaji wa kati alipewa mpira mbele ya goli tupu, akageuka kuangalia nani kampa.

Tumeshuka.

Jumapili, tarehe 17 Mei

Nyumba kimya.

Komeo ameniletea ile jezi, imechanwa kwapa zote mbili. Amesema ni mali ya timu, niirudishe hali yake. Kisha akakaa kwenye kigoda changu, akapitisha kidole juu ya mshono uliobaki. Akasema daktari alihangaika sana kuukata. Akasema sare zake za shule zilikuwa na mshono kama huu, za wenzake zilifumuka, zake hazikufumuka hata siku moja.

Nikasema kuna mafundi wengi siku hizi.

Akasema ndiyo, mama, wapo wengi.

Akanyanyuka akanishika bega. Akaenda kupanga nguo.

Jumatano, tarehe 20 Mei

Ameondoka asubuhi. Nimemfungia maandazi, sweta, dawa ya kikohozi na ile jezi namba ishirini na mbili, timu imekubali aichukue. Nimemwambia ale vizuri. Nimemwambia asilale chini ya lori. Basi lilipogeuka kona nilikuwa bado namwambia.

Mama Filimbi alikuja kituoni. Kijana wake ana bandeji kubwa, hajui atachezea wapi. Tumerudi kwa miguu pamoja, hatukugombana. Amesema nyumba yake nayo imekuwa nzito, kijana haongei. Amesema kama isingekuwa kile kidole, mwanawe angevaa ile jezi na tusingefungwa. Nikakohoa.

Siku hizi ananiita dada bila kunicheka. Sijamwambia kitu. Nitamwambiaje? Na aliyeshusha timu ni nani hasa? Ni uongozi. Ligi kuu nzima na seti moja ya jezi! Wangekuwa na za akiba, mwanangu angevaa nyingine, haya yote yasingetokea. Hilo hakuna anayelisema.

Jumamosi, tarehe 6 Juni

Komeo amepiga simu! Sauti yake nzuri, anakula, halali chini ya lori. Gereji ya mjomba wake ina timu, wanacheza na mafundi wenzao na watu wa viwandani. Ameenda kujaribiwa. Amechukuliwa.

Nimepiga vigelegele mpaka Mama Filimbi amekuja mbio akidhani kuna msiba.

Kisha nikamuuliza kama anaanza. Akasema bado yuko benchi, kuna kipa mwingine, mzee wa rangi za magari, ana uzoefu.

Uzoefu!

Kaka yangu akachukua simu akasema jezi za timu zimechakaa vibaya, amewaambia watu wote dada yake ni fundi, mfuko utakuja na basi la Jumatatu. Nyuma nikamsikia Komeo akimwambia hapana, mjomba, hapana, mjomba, usipeleke. Kijana huyu ana huruma, hataki nichoke.

Nimetia cherehani mafuta. Nimekaa nikafikiri ile mara ya kwanza nilikosea wapi, na kosa nimeliona wazi kabisa: nilisahau jezi nyuma ya mlango. Safari hii ya Komeo ndiyo itakayotangulia mfukoni.

Nimempigia tena kaka yangu. Nimemuuliza jambo moja tu: huyo mzee wa rangi, kifuani ana upana gani?